Mkichapa asilimia, chapeni na swali

Mhariri,

Haipiti wiki bila magazeti kutuambia kwamba asilimia 60 ya wananchi wanataka hili au asilimia 80 wameridhika na lile. Nyingi ya takwimu hizo zimetoka kwenye dodoso, yaani orodha ya maswali ya utafiti (wenzetu wa Kenya huliita hojaji), lakini ni nadra msomaji kuonyeshwa swali lilivyoulizwa. Kwetu sisi tunaofundisha mbinu za utafiti wa jamii, hapo ndipo penye kasoro, kuliko hata kwenye hesabu.

Hatulibezi dodoso. Ukikaa na watu 20 ukazungumza nao kwa kina utajua kwa nini wanafanya wanavyofanya, ila hutajua ni wangapi kama wao. Tunajua kwamba uzazi nchini Tanzania umeshuka kutoka wastani wa zaidi ya watoto 6 kwa mwanamke mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 4.8 mwaka 2022 kwa sababu wanawake wameulizwa maswali yaleyale, utafiti baada ya utafiti. Kazi hiyo haina mbadala. Ila swali bovu likiulizwa watu 5,000 halipungui ubovu. Linaongezewa desimali tu.

Chukua swali jepesi: "Una ndugu wangapi?" Mmoja atahesabu waliozaliwa tumbo moja naye, wa pili ataongeza wa mama mwingine, wa tatu atawatia na watoto wa baba mdogo. Wote watatu wamejibu sahihi, na majibu yao hayajumlishiki. Dodoso lililopikwa likaiva huuliza: "Mama yako mzazi alizaa watoto wangapi, ukiwemo wewe?" Au chukua saa. Mama lishe anasema anaamka saa kumi na moja, karani anaandika 11:00 kwenye kishikwambi, na kwenye jedwali mama wa watu anaonekana analala hadi jua la kuchoma. Makosa ya aina hii hayagunduliwi ofisini. Yanagunduliwa kwenye jaribio la awali, kwa watu 20 au 30, ambako kila baada ya jibu unamuuliza mtu: "Umeelewa tunakuuliza nini?" Wengi huiruka hatua hii kwa kisingizio cha muda.

Kuna na adabu. Karani huletwa nyumbani na mjumbe wa mtaa, naye mjumbe hukaribishwa kiti, akakaa. Swali linakuja: "Umeridhika na uongozi wa mtaa wako?" Mhojiwa anamtazama mjumbe, anasema: "Wanajitahidi." Kila Mswahili anajua kwamba neno hilo laweza kuwa sifa na laweza kuwa lawama iliyovikwa kanzu. Dodoso halina kisanduku cha "wanajitahidi", kwa hiyo karani anaweka alama kwenye "Nimeridhika". Dawa yake si kubwa: mjumbe akishatambulisha wageni, aagwe kwa heshima. Maswali yenye ncha yawekwe mwishoni, mtu akishazoea. Na ile ngazi ya majibu matano, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", isisomwe yote kwa mkupuo kwa mtu anayesikiliza tu, maana atashika la kwanza au la mwisho. Uliza kwanza anakubali au hakubali, kisha: "Sana au kiasi?"

Kwenye fedha na chakula ndiko kumbukumbu inapochezea takwimu zaidi. Mwaka 2007 na 2008 lilifanyika jaribio hapahapa Tanzania, kaya zipatazo 4,000 zikagawanywa kwa bahati nasibu katika namna 8 za kuulizwa matumizi yao. Orodha ya vyakula ilipofupishwa, au siku za kukumbuka zilipoongezwa kutoka 7 hadi 14, matumizi yaliyotajwa yalipungua. Nyanya za fungu, maandazi ya asubuhi, mafuta ya kupima: vitu hivi mtu havikumbuki mpaka avitajiwe kimoja kimoja. Kaya zilitoka katika jamii ileile. Umaskini wao kwenye karatasi ulitegemea karatasi.

Na hata asiyesahau, maneno yake si matendo yake. Miaka ya 1930 msomi Richard LaPiere alizunguka Marekani na wenzi wawili wa Kichina, wakaingia hoteli na migahawa 251, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye alizipelekea hoteli na migahawa hiyo dodoso akiuliza kama wangepokea wateja Wachina. Majibu 128 yalirudi, na zaidi ya asilimia 90 yalisema hapana.

Neno moja kuhusu idadi ya wahojiwa, maana wanafunzi wetu wanaiabudu. Kanuni ya Yamane (hesabu ya kujua wahojiwe watu wangapi) wanayoinukuu kwenye kila tasnifu hutoa watu 385 kwa mji wa watu 10,000 na 400 kwa jiji la watu milioni moja. Hesabu ni sawa. Lakini kanuni hiyo inadhani kila mkazi alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ukigawa madodoso 400 kwa uliowakuta stendi saa nne asubuhi, au ukirusha kiungo kwenye makundi ya WhatsApp, una watu 400 wa stendi au wa WhatsApp, basi.

Ombi letu, Mhariri: chini ya kila habari ya namna hii chapeni swali neno kwa neno katika lugha liliyoulizwa, wahojiwa walipatikanaje, wangapi walikataa kujibu, na nani alilipia. Ni mistari mitano. Hata chini ya picha inaenea.

Walimu wa mbinu za utafiti,
Morogoro