Somo, msimwage zege

Mkunazini, Unguja
12 Juni

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Masika yametuacha juzi tu na kuta bado zinanuka unyevu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishindwa hata kukaa, maana umenitia khofu. Unasema sakafu ya chumba cha Bi Mkubwa pale Kiponda imebonyea katikati, kabati la vyombo linalia kila mtu akipita, na kaka yako ameshapata fundi wa kumwaga zege juu yake ili ikae sawa. Somo, nakuomba sana, kabla hujatuma hata riali moja, mwambie asubiri.

Nifanyie hesabu hii. Zege mita moja ya ujazo ni kama kilo 2,400. Chumba kile nakijua, tumecheza humo: upana mita 3, urefu labda 6. Akimwaga unene wa sentimita 10 tu, kila mita ya mraba imebebeshwa kilo 240, na chumba kizima zaidi ya kilo 4,000. Tani nne, juu ya boriti ambazo tayari zimeelemewa! Tena pale palipobonyea ndipo zege litakapokuwa nene kuliko kwengine, kwa hiyo mzigo mkubwa unakwenda palepale penye udhaifu. Kwa juu mtaiona sakafu imenyooka. Chini yake boriti zitaendelea kuinama, na vigae vipya vitawaficha msijue.

Haya nayasema kwa yaliyonifika. Mwaka juzi sakafu ya chumba alichokuwa akilala marehemu baba ilianza kutikisika. Nilivuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta nikapima: upande wa bafu ilikuwa imeshuka sentimita 4. Fundi wa kwanza alisimama mlangoni, akainua macho darini mara moja, akasema boriti zimekwisha, tubomoe tuweke slaba. Wa pili alikuwa mzee mmoja mwashi. Yeye hakusema kitu, aliomba ngazi, taa na bisibisi.

Alipanda ngazi katika chumba cha chini, akawa anagonga boriti moja moja kwa nyundo ndogo, kutoka katikati kwenda ukutani. Katikati mti ulilia ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi. Akikaribia ukuta wa bafu, sauti inakufa. Pale akachomeka bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini, na alipoichomoa ulitoka unga wa kahawia, mbichimbichi, laini kama ugoro. Akanitilia kiganjani, nikaunusa: harufu ya kisima. Kisha akasogea shubiri mbili kuelekea katikati, akachoma tena kwa nguvu zake zote, ncha haikuingia. Boriti zilikuwa 14. Zilizooza 5, zote kwenye ncha za upande mmoja, zote zimeanzia ndani ya ukuta. Tisa nzima kabisa, na hakuna aliye hai katika ukoo wetu anayejua ziliwekwa lini.

Nilikaa nikalia kidogo, Somo, kwa furaha. Nilikuwa karibu kulipa watu wavunje dari ya mababu kwa sababu ya ncha tano za miti.

Nyumba zetu hizi zilijengwa kwa kipimo cha boriti. Mkoko uliotoka delta ya Rufiji kwa majahazi haukupita sana mita 3, basi na chumba hakikupita hapo. Kikitakiwa kiwe kikubwa kinarefushwa, hakipanuliwi. Majahazi hayohayo yalipeleka boriti mpaka huko uliko, na ukiingia nyumba kongwe za Muscat utaona vyumba vyembamba kama vyetu. Ncha zinaingia ndani ya ukuta wa mawe, juu yake yanapangwa mawe, halafu kokoto na chokaa, inabondwa mpaka iwe kitu kimoja. Boriti ikiwa kavu inaishi. Ikinyweshwa maji kwenye ncha, ndani ya ukuta usiopumua, inaoza kimyakimya.

Kwetu maji yalitoka kwenye bomba la bafu lililopasuka nyuma ya plasta. Plasta yenyewe ilikuwa ya saruji, iliyopigwa miaka ya themanini juu ya chokaa ya zamani, na saruji iliufungia unyevu ndani. Mzee alikataa kugusa boriti hata moja kabla ya bomba kutengenezwa, plasta kubanduliwa na ukuta kukaa wazi wiki sita. Nilinung'unika kwa gharama ya kusubiri. Leo namshukuru, kwa sababu mti mpya ndani ya ukuta mbichi ungeoza vilevile.

Kwenu huenda mambo ni tofauti. Umesema imebonyea katikati, siyo kandoni, basi yawezekana ncha ni nzima na kosa ni uzito. Nakumbuka marehemu baba yenu alitandika saruji na vigae juu ya sakafu ya asili, na Bi Mkubwa ameweka mapipa mawili ya maji pale kwa ajili ya siku za mgao. Kama ndivyo, dawa ni kupunguza: vigae na saruji yake vitoke, irudi chokaa. Boriti zikiwa bado zinainama, unapitishwa mhimili wa mbao ngumu chini yake, katikati, urefu wote wa chumba, juu ya nguzo mbili tatu. Boriti ya mita 3 ikipata mhimili katikati inakuwa kama mbili za mita moja na nusu, na sakafu inatulia mara moja. Chumba cha chini kitapoteza nafasi kidogo. Mpangaji wa duka atalalamika, mwacheni alalamike.

Lakini kabla ya yote hayo ni kushikiza, na hili halingoji mwezi ujao. Ubao mnene chini ya boriti, nguzo chini ya ubao, jeki au kabari chini ya nguzo, na ubao mwengine mpana chini kabisa ili nguzo isitoboe sakafu. Kama dari inayoshikizwa ni ya ghorofa ya pili, nguzo za ghorofa ya kwanza na za chini zisimame mstari mmoja, moja chini ya mwenziwe, mpaka ardhini. Nimeona nyumba jirani walishikiza dari ya juu kwa kuiegemeza kwenye sakafu ya chini yake tu; sakafu hiyo nayo ikaanza kupasuka.

Na mwambie kaka yako asiwe na papara ya kunyanyua. Mti uliokaa umeinama miaka mingi umezoea, ukiusukuma kwa siku moja ukuta unapasuka. Sisi tulikuwa tukizungusha jeki robo mzunguko, tunaiacha, kesho tunasikiliza na kutazama nyufa, ndipo tunazungusha tena. Katika zile sentimita 4 tulirudisha mbili na nusu, mzee akasema basi. Sakafu ya baba mpaka leo ina mteremko mdogo, na gololi ya mtoto inabingirika kuelekea upande wa bafu. Sina haja ya kuinyoosha zaidi.

Zile boriti tano hatukuzitoa. Kila mgonjwa tulimwekea pacha ubavuni: boriti mpya, nzima, inayoingia ukutani sentimita 20 kila upande. Ukiuliza inapenyaje baina ya kuta mbili, tundu la upande mmoja huchimbwa refu zaidi. Unaiingiza kwa mshazari mpaka ndani, kisha unairudisha nyuma ikae kwenye tundu la pili. Ncha zilizooza zilikatwa ili zisiambukize, na tundu likazibwa kwa mawe na chokaa, likiachwa upenyo wa hewa kuzunguka mti. Boriti nunua kwa mtu mwenye kibali. Mikoko haikatwi ovyo siku hizi, na vizuri isikatwe. Mvinje utauzwa kwa bei rahisi. Mzee wetu hakuutaka, akisema mchwa wanaupenda mno.

Sakafu ikabondwa kwa chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa. Wanawake wanne na wanaume wawili, mapande ya mti mikononi, siku tatu, wanapiga kwa mwendo mmoja kutoka ukuta hadi ukuta, wanarudi. Siku ya kwanza sauti ilikuwa ya tope. Siku ya tatu ilikuwa ya jiwe. Natamani ungekuwepo, tungesimama ngazini kama zamani tukasikiliza. Baada ya hapo magunia yaliyoloweshwa maji juu yake kila siku, isikauke haraka ikapasuka.

Fundi wa kaka yako atasema zege lenye nondo ndiyo imara. Kwenye nyumba mpya sibishani naye. Hapa, kuta za matumbawe na chokaa zina chumvi na hewa ya bahari haikosi. Nondo zinashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka na kuanza kumwaga vipande. Umeona mwenyewe dari za namna hiyo mjini. Unakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, ubavu wa Beit el Ajaib ulipoporomoka na watu wawili wakafa? Nyumba ya Sultani Seyyid Barghash, ya mwaka 1883, mbele ya macho yetu. Tangu siku ile sisikii mlio wowote darini nikaupuuza. Na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe lazima mchukue. Kwetu alikuja mkaguzi wao, akatazama boriti, akatueleza kuhusu upenyo wa hewa jambo ambalo mzee mwenyewe alilikubali.

Sasa fanya hivi. Leo usiku mpigie Bi Mkubwa, kitanda kihamishwe kisogezwe ukutani, mapipa yamwagwe, kabati litolewe kabisa chumbani. Watoto wasicheze humo. Kaka yako aniachie ufunguo wa duka la chini. Jumamosi baada ya alasiri nitakwenda na mzee, ngazi, uzi na bisibisi, tutagonga boriti zote na nitakuandikia ni ngapi nzima na ngapi mgonjwa, moja baada ya moja. Nguzo za kushikizia ninazo za kwetu, zimelala uani, sitaki kodi.

Nisalimie watoto na baba yao. Bi Mkubwa nitampelekea mkate wa kumimina, najua ataanza kwa kunigombeza kwa nini sikuja Idi.

Ni mie,
Somo yako