Hukumu ya korti haimfanyi mtu kuwa mhalifu

Mhariri,

Nimesoma mjadala gazetini mwenu kuhusu nani aitwe mfungwa wa kisiasa, na kuna mmoja kasema ukishahukumiwa na korti basi wewe ni mhalifu tu kama wengine. Jamani! Wale wa kesi za Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali ya Rais Moi, mwaka 1986 nao walipelekwa kortini, lakini wengi walitokea wapi? Vyumba vya mateso chini ya Nyayo House, jengo la serikali hapa Nairobi, mtu amevuliwa nguo, giza totoro, maji yamemwagwa sakafuni na yeye yumo humo siku na siku, sasa huyo ukimfikisha kwa hakimu si atakubali chochote? Kwenye faili inasomeka amekiri mwenyewe, kesi safi kabisa.

Wale akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliogoma kula Uhuru Park 1992 pamoja na Wangari Maathai, wakidai wana wao waachiliwe, hawakubabaishwa na mafaili hayo.

Ombi langu, serikali ipitie kila hukumu ya aina hiyo na kuifuta, hata kwa waliokwisha kufa, na vile vyumba vifunguliwe watu waingie waone, maana kila siku tunapanga foleni hapo juu kutafuta pasipoti na wengi hawajui chini ya miguu yao kulikuwa na nini.

Msomaji wenu,
Nairobi