Barua kwa mwanangu aliyeko Ohio: shahada na kura za urais Marekani

Mwanangu mpendwa Neema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Morogoro. Mama yako na wadogo zako hawajambo, na ujumbe wako tumeusoma sote, ingawa swali la mwishoni ulinielekezea mimi. Umeniambia kwamba katika semina yenu mwalimu alionyesha jedwali la uchaguzi wa mwaka 2024, ambapo wenye shahada wengi walimchagua Kamala Harris wa chama cha Democratic na wasio na shahada wengi wakamchagua Donald Trump wa chama cha Republican, na kwamba mwenzako mmoja akahitimisha papo hapo kuwa Marekani imegawanyika kati ya waelewa na wajinga. Unataka kujua kama mimi, niliyefundisha somo la uraia hadi nikastaafu, nakubaliana naye. Sikubaliani naye, na kwa kuwa unaandaa insha juu ya jambo hilohilo, nakueleza sababu zangu kwa urefu.

Takwimu zenyewe sizikatai. Mahojiano waliyofanyiwa wapiga kura wakitoka vituoni mwaka 2024 yalionyesha kuwa Harris alipata takriban asilimia 55 ya kura za wenye shahada, na Trump takriban asilimia 56 ya kura za wasio nayo. Ukiwachukua Wazungu peke yao, pengo linapanuka: karibu wawili katika kila watatu wasio na shahada walimpa Trump kura yao, na hali ilikuwa hivyo tangu mwaka 2016. Ujue pia kwamba Wamarekani watu wazima wenye shahada ya kwanza au zaidi hawafiki wanne katika kila kumi. Anayelishika kundi la wasio na shahada ameshika kundi lililo kubwa, ijapokuwa wenye shahada ndio wanaojitokeza zaidi siku ya kura.

Lakini rudi nyuma kidogo. Mwaka 2012, Barack Obama wa Democratic aliposhindana na Mitt Romney wa Republican, mahojiano ya aina hiyohiyo yalimpa Obama asilimia 50 ya wenye shahada na asilimia 51 ya wasio nayo. Yaani pengo karibu halikuwapo. Kwa Wazungu wenye shahada, mshindi alikuwa Romney, kwa asilimia 56. Mwaka 1996, Bill Clinton wa Democratic aliungwa mkono kwa wingi na watu ambao hawakumaliza hata sekondari, wakati wale walioishia shahada ya kwanza walimwelekea Bob Dole wa Republican kwa tofauti ndogo. Mwenzako atueleze, basi, kama mwaka ule uelewa ulikuwa umekaa upande wa Republican, na kama ulihama, ulihama lini na kwa njia gani.

Huna haja ya kwenda mbali kuona jambo hili, kwa sababu unaishi Columbus na jimbo la Ohio ni darasa tosha. Tazama kaunti ya Mahoning, uliko mji wa Youngstown, uliojengwa na viwanda vya chuma. Tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Campbell, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza ajira. Wenyeji bado wanaiita siku ile Jumatatu Nyeusi. Hata hivyo kaunti hiyo iliendelea kuwapigia kura wagombea wa Democratic kwa miongo kadhaa baadaye, kwa sababu vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyokuwa vikiwafundisha watu siasa, na ndivyo vilivyowakutanisha kanisani, baa na kwenye mazishi. Obama alipata huko zaidi ya asilimia 60 mwaka 2012. Hillary Clinton wa Democratic alishinda kwa shida mwaka 2016, na mwaka 2020 Trump akawa Republican wa kwanza kuichukua tangu Richard Nixon mwaka 1972.

Sasa jiulize: je, katika miaka minane ile watu wa Mahoning walinyang'anywa vyeti vyao? Kiwango chao cha elimu mwaka 2020 kilikuwa karibu kilekile cha mwaka 2012, na wapiga kura walikuwa kwa sehemu kubwa walewale. Kilichobadilika ni kile ambacho vyama viwili viliwaahidi na namna vilivyozungumza nao.

Kisha tazama kaunti ya Delaware, hapo kaskazini mwa Columbus, wanakoishi watu wa ofisini, wa benki na wa bima, wengi wao wakiwa na shahada. Huko Republican wameshinda kila uchaguzi wa urais kwa karne nzima. Romney alipata zaidi ya asilimia 60 mwaka 2012, lakini Trump mwaka 2020 alipata zaidi kidogo ya nusu tu. Kaunti hizi mbili zimekuwa zikitembea kuelekeana kutoka pande tofauti, na nadhani insha nzuri ingeweza kuandikwa juu ya hizo mbili tu.

Wengi hueleza mabadiliko haya kwa uchumi. Husema kwamba mkataba wa biashara huru na Mexico na Kanada, ulioanza kutumika mwaka 1994 kwa saini ya Bill Clinton, rais wa Democratic, na baada yake China kuingia katika Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, viliwaumiza watu wa viwandani, huku wenye shahada wakinufaika. Kuna ukweli mwingi hapo, lakini usiumeze mzima. Trump alifika Youngstown mwaka 2017 akawaambia watu wasiuze nyumba zao kwa kuwa ajira zinarudi. Mwezi Machi 2019 kiwanda cha magari cha General Motors kilichoko Lordstown, kaunti jirani, kikasimamisha uzalishaji. Na bado mwaka uliofuata Mahoning ikampa ushindi. Tumbo peke yake halielezi kura hiyo. Uhamiaji, bunduki, utoaji mimba, dini, na hisia ya kudharauliwa na watu wa mijini, yote yamo.

Hilo la kudharauliwa lisikupite. Mwezi Februari 2016, baada ya kushinda mchujo wa Republican katika jimbo la Nevada, Trump aliyataja makundi yaliyompigia kura kisha akasema anawapenda watu wenye elimu ndogo. Waliosoma walicheka, waliotajwa walisikia kwamba kuna mtu asiyewaonea haya. Na msemaji mwenyewe ana shahada ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania aliyoipata mwaka 1968! Rais wa mwisho wa Marekani asiye na shahada alikuwa Harry Truman, kwa hiyo kundi kubwa la wapiga kura huchagua kila mara kati ya watu wa kundi dogo, na sijui kama jambo hilo huzungumzwa katika semina zenu.

Hoja ya mwenzako inavunjika vibaya zaidi ukiingiza suala la rangi. Wamarekani Weusi wasio na shahada walimpa Harris zaidi ya kura nane katika kila kumi, karibu sawa na wenzao wenye shahada. Kama kukosa shahada ndiko kunakompeleka mtu kwa Trump, mbona hawa hawakwenda? Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, nao wamekuwa wakimsogelea Trump: mwaka 2016 Trump alipata asilimia 28 ya kura zao, na mwaka 2024 asilimia 46. Shahada inatenganisha kura za Wazungu kwa nguvu sana, za Weusi kidogo mno, na za Walatino kwa namna inayobadilika uchaguzi hadi uchaguzi. Kitu kinachofanya kazi tofauti kwa kila kundi hakiwezi kuwa kipimo cha akili. Kwa maoni yangu shahada ni alama ya mambo mengine: mahali mtu anapoishi, kazi anayoifanya, anaokaa nao, na chombo cha habari anachokiamini.

Tena nchi hiyo ina historia mbaya ya kuchanganya elimu na haki ya kupiga kura. Majimbo ya Kusini yalitumia mitihani ya kusoma na kuandika ili kuwazuia Weusi wasiandikishwe. Ofisa aliweza kumpa mtu kifungu cha katiba akieleze, kisha akajiamulia mwenyewe kama amefaulu. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965 ndiyo iliyoisimamisha mitihani hiyo. Sisi tuna kumbukumbu yetu: katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958, Mwafrika alitakiwa awe amefika darasa la nane, au awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au awe na wadhifa uliotambuliwa. Babu yako aliishia darasa la nne. Alikuwa mwanachama wa TANU na alijua vizuri sana alichokitaka, lakini kura hakupiga.

Jambo la mwisho ni la kitaalamu, na mwalimu wako atalipenda. Chunguza kila takwimu imepatikanaje. Kuhusu Wazungu wenye shahada mwaka 2016, mahojiano ya vituoni yalisema Trump ndiye aliyeongoza kwao, kwa asilimia 48 dhidi ya 45 za Hillary Clinton. Kituo cha utafiti cha Pew, kilicholinganisha majibu ya watu na kumbukumbu za waliopiga kura kweli, kikapata kwamba Clinton ndiye aliyeongoza, kwa 55 dhidi ya 38. Ni uchaguzi mmoja, na hadithi mbili. Mwaka huohuo tafiti nyingi za maoni ya wapiga kura majimboni zilikosea kwa sababu, pamoja na mambo mengine, wenye shahada hujibu maswali ya watafiti kwa wepesi zaidi, na watafiti hawakuisawazisha sampuli, yaani kundi la waliohojiwa, kwa kigezo cha elimu. Clinton akaonekana yuko salama katika majimbo ya Michigan, Wisconsin na Pennsylvania, akashindwa yote matatu kwa jumla ya kura zisizofika 80,000.

Ukipata nafasi, tafuta matokeo ya Mahoning na Delaware kuanzia mwaka 1996 hadi 2024 uyapange kwenye jedwali moja, pamoja na asilimia ya wenye shahada katika kila kaunti, kisha unitumie kabla hujaanza kuandika. Nitakurudishia maoni yangu ndani ya wiki moja.

Baba yako akupendaye.