Mama Tasha, nisaidie kuliandika hili swali

Mama Tasha,

Salamu kwanza, usije ukasema nimekuja na shida tu, japo ukweli ni kwamba nimekuja na shida. Hujambo? Baba watoto je, na Tasha, na yule mdogo mtundu? Sisi huku Nakuru tuko, vumbi la Free Area linataka kutumaliza lakini tuko. Mara ya mwisho tuliongea kwa matanga ya Baba Odhis tukaahidiana kupigiana, wewe hukupiga na mimi sikupiga, basi hiyo tuiache hapo.

Sasa iko hivi, nataka tuandike swali ambalo seneta atamuuliza Waziri. Mathe, mamangu, alinipigia asubuhi nikivaa viatu niende kazini, akasema wameletewa notisi. Mtaa mzima wa nyumbani, si huku Nakuru. Kuanzia kwa kina Zainabu mpaka kule chini kwa bomba, zote zinabomolewa zijengwe magorofa ya nyumba za bei nafuu, na wapangaji wajipange kutoka. Zainabu alinitumia picha ya hiyo karatasi nikaisoma mpaka nikachoka. Imeandikwa kwamba wapangaji wa sasa watapewa kipaumbele nyumba zikimalizika. Basi. Hakuna bei, hakuna mwezi wa kurudi, hakuna hata mahali pa kuandika jina lako na namba ya nyumba yako. Muhuri upo, sahihi ni ule mkwaruzo ambao hata daktari angeshindwa kuusoma.

Mathe hana wasiwasi sana, ama anajifanya. Anasema wametolewa hapo kwa mdomo tangu enzi za Moi na bado wako. Mimi ndio nimekosa usingizi, kwa sababu safari hii kuna sheria na kuna pesa, na pesa zenyewe zinatoka hata kwangu. Kila mwisho wa mwezi slipu inaniambia 1.5% imeenda ushuru wa nyumba, na mdosi naye anaongeza 1.5% yake juu. Ukilipwa 30,000 hiyo ni 450, haitoshi hata kununua gunia la makaa lakini inauma, hasa ukiweka na ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, ya 2.75% hapo chini, nyingine 825. Nakumbuka Mahakama Kuu iliitupa ile sheria ya kwanza ya ushuru huo Novemba 2023 tukashangilia hapa kwa stoo, alafu Machi 2024 Rais akatia sahihi sheria mpya na makato yakarudi kama hayajawahi kuondoka. Sawa, nimekubali kukatwa. Sasa nakatwa nijenge nyumba itakayomtoa mamangu kwake? Hapo ndio siwezi kunyamaza.

Wiki hiyo hiyo, usinicheke, nilikuwa naangalia Seneti laivu kwa simu. Najua utasema nimezeeka. Ni Jumatano asubuhi, gari la unga lilikuwa limechelewa kuja kupakia, bando ipo, nikaona waziri amekuja kujibu maswali nikaacha hapo. Swali moja lilikuwa la nyumba. Nilikaa wima. Na unajua nilichokasirikia? Si waziri. Ni swali! Mheshimiwa amepewa nafasi mbele ya nchi nzima anauliza eti serikali ina mipango gani kuhusu makazi ya wananchi wa kipato cha chini. Mipango! Nani hana mipango? Hata mimi niko nayo. Waziri akajibu vile ungejibu hata wewe, kwamba serikali inatambua changamoto, kazi iko katika hatua mbalimbali, na mengine yatafuata fedha zikipatikana. Swali la namna hiyo ni kama boma lisilo na ua, waziri anatokea upande wowote anaotaka na hakuna aliyemshika.

Alafu kulikuwa na mmoja, sikumjua, yeye aliuliza kidogo tu: mradi fulani kandarasi ilitiwa sahihi lini, kontrakta amelipwa kiasi gani mpaka sasa, kazi imefika asilimia ngapi. Waziri akafungua faili. Akatafuta. Akasema ataleta jibu la maandishi. Spika akamwambia alilete. Ona sasa! Hapo ndipo nikakukumbuka, kwa sababu wewe ndiye ulituambia hayo miaka ile ulipokuwa atachimenti bungeni, kwamba swali ni tarehe, kiasi na jina, na karani hukataa swali ambalo mtu ameweka hotuba na maoni yake ndani. Tulikuwa tunakucheka na suti yako ya kuazima. Sasa ndio naona ulikuwa unatufundisha kazi.

Wajua zamani mawaziri walikuwa wabunge wenyewe, wanakaa humo humo, baba alikuwa akisikiliza redio jioni ya yaliyojiri bungeni na akimtusi waziri fulani kwa jina la ukoo. Ukikosa jibu kwa kikao unamkamata kwa chai. Katiba ya 2010 ikasema waziri asiwe mbunge, kwa hivyo tangu 2013 wakawa wanajibu kwa kamati tu, huko vyumbani ambapo mtu kama mimi hafiki. Ni mpaka Rais alipowaandikia maspika mwisho wa 2022 ndio wakabadilisha kanuni, na kuanzia 2023 waziri anasimama mbele ya kikao kizima. Kwa hiyo kidogo tumepata. Dodoma wenzetu mawaziri bado ni wabunge na wanajibu karibu kila siku ya kikao, huwa naangalia ile yao pia, naibu waziri anasimama anasema kwa niaba ya Waziri naomba kujibu swali la Mheshimiwa fulani kama ifuatavyo, Kiswahili kimenyooka mpaka unasahau kwamba hajajibu kitu. Lakini wako na swali la nyongeza na wanalitumia vizuri kuliko wetu.

Narudi kwa nyumba. Shida yangu kubwa ni hii, na nataka uifikirie vizuri. Nyumba za mtaani ni za kaunti, si ndio? Zilikuwa za baraza la manispaa, mathe bado anaziita za kanso. Kwa katiba, jedwali la nne, mambo ya nyumba ni kazi ya kaunti, serikali kuu imebaki na sera tu. Lakini huu mradi ni wa serikali kuu, na pesa ni za ushuru wa nyumba. Kwa hiyo nishaona mpira utakavyopigwa. Ukimuuliza waziri wapangaji wataenda wapi atasema wapangaji ni wa kaunti. Ukienda kaunti watakwambia mradi si wao, wao wametoa ardhi tu. Mzee Chairman ashaenda ofisi zote mbili na amerudi na vile alivyoenda, isipokuwa sasa ana risiti ya kuegesha.

Ndio maana mimi nasema tusiende kwa mbunge, twende kwa seneta. Seneti kazi yake ni kaunti. Wana kamati ya barabara, uchukuzi na nyumba, na wakimuita waziri na gavana pamoja hakuna wa kumsukumia mwenzake. Zainabu hataki kusikia, anasema mbunge ndiye yuko karibu, alituletea mahema kwa matanga. Mahema ni sawa. Lakini hilo si swali la mahema.

Hili hapa nimejaribu, lisome na kalamu mkononi:

Je, Waziri anaweza kuieleza Seneti: kwanza, hati ya ardhi ya mtaa huo iko kwa jina la nani, na makubaliano ya kujenga yalitiwa sahihi lini na kati ya nani na nani; pili, kati ya nyumba zitakazojengwa ni ngapi za wenye mapato ya chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi; tatu, orodha ya wapangaji walio ndani leo iko wapi, na ni karatasi gani watakayopewa kuonyesha kwamba watarudishwa; nne, tangu kubomoa mpaka kukabidhi funguo watakaa wapi, na kodi ya huko atalipa nani.

Hiyo ya pili nimeitoa kwa sheria yenyewe, imegawa watu makundi, wa chini ya 20,000 ni nyumba za kijamii, kutoka hapo mpaka 149,000 ndio zile za bei nafuu, juu ya hapo ni wenye nazo. Mathe na meza yake ya omena yuko kundi la kwanza hata mwezi uwe mzuri vipi. Wakijenga gorofa tano na nyumba za kundi lake ziwe chache basi hicho kipaumbele chao atakipeleka wapi? Kule Mukuru Nairobi chumba kimoja kilitangazwa 640,000. Dipositi ilikuwa asilimia 10. Hiyo ni 64,000 mama wa omena azitoe mara moja, akiwa pia analipa kodi ya mahali walipomhamishia. Chama chao cha akiba kikivunjwa chote hakifiki hapo. Najua watu watasema unaweka kidogo kidogo kwa Boma Yangu, ule mtandao wa serikali wa kujisajili nyumba, na kweli nishamsajili, nilitumia simu yangu, lakini kuwa na akaunti si kuwa na nyumba.

Huku Nakuru napita Bondeni, zile nyumba 605 zinapendeza, sitadanganya. Mimi si mpinzani wa magorofa. Choo cha kushirikiana tulichokulia wewe na mimi, maji taka yakifurika kila masika mpaka mlangoni kwa Mama Otis, nani analilia hicho? Kibomolewe hata kesho. Nachotaka ni kwamba mtu aliyelipa kodi hapo tangu kabla hatujazaliwa asimame kwa foleni akiwa na kitu mkononi.

Baba Brayo ananiambia napoteza muda, waziri atajibu la kujibu na tingatinga litakuja. Pengine. Lakini wewe unajua Hansadi, ile kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni. Waziri akisema mbele ya Spika kwamba wapangaji wote wameorodheshwa, hilo neno limeandikwa, halitoki. Miaka mitatu baadaye nyumba zikianza kugawiwa usiku usiku kwa watu wasiojulikana, Mzee Chairman anafungua ukurasa na kuuliza iko wapi ile orodha. Hiyo ndio naitaka. Sitaki waziri aaibike, sina haja. Nataka aseme kitu ambacho kesho hawezi kukikana.

Na wakati tunangoja seneta, nimemwambia Zainabu waandike barua ya kuomba nakala ya makubaliano, kuna sheria ya 2016 ya kupata habari, ofisi inatakiwa ijibu kwa siku 21. Pia kuna ombi la wananchi kwa bunge, kifungu cha 119, mtu yeyote anaruhusiwa, lakini ili iwe na uzito ningetaka sahihi za mtaa mzima na unajua mtaa wetu, nusu watauliza kwanza kama kuna soda. Na Kadogo asipewe kazi ya kukusanya sahihi! Ile harambee ya maji tulijionea.

Sasa nijibu haya, tena haraka kwa sababu mkutano wa wapangaji ni Jumapili baada ya kanisa na mathe amesema nitume kitu cha kusomwa. Yule binamu yako bado yuko kwa ofisi ya seneta ama walimtoa? Anaweza kulipeleka kwa mkono, maana barua pepe hizo zao nadhani hakuna anayezifungua? Swali langu ni refu sana, nigawe mara mbili? Hiyo ya tatu niitangulize ama itaonekana tunaomba? Nimtaje gavana ndani ama nimuache aitwe na kamati? Na mamako, yeye notisi imemfikia, ama ile nyumba ilishahamia kwa jina la Otis? Kama imehamia, hiyo orodha itamtaja nani? Hebu muulize vizuri leo, kabla watu wa kuandika majina hawajaanza kupita.

Alafu kuna mtu anapita Kakamega kutoka nyumbani hii wiki? Mathe amekufungia omena za kukaanga na hana wa kumtuma.

Wako,
Nekesa