Geuza kipande utazame chini: kwa nini epoksi ya banda la gari inabanduka

Mzee mmoja wa Gungu aliingia dukani kwetu na bahasha ya kaki. Akaimwaga juu ya kaunta: vipande vya rangi ya kijivu, vingine vikubwa kama kiganja. "Wanangu, hii ndiyo rangi yenu." Tukamwamkia, tukampa stuli, kisha tukafanya tunachofanya kila anapokuja mtu wa namna hii. Tukavigeuza.

Upande wa juu wa kipande haukwambii kitu. Habari yote iko chini. Chini ya vipande vya mzee kulikuwa na unga wa saruji umeganda kote, kama unga ulioshika kwenye chapati mbichi. Kwa maneno mengine, epoksi, ile rangi ya sakafu inayochanganywa na kigumishi kabla ya kupakwa, ilishika vizuri kabisa. Kile ilichokishika ndicho kilichoachia.

Nacho ni niru. Mafundi wetu hapa Kigoma wanaipenda, na wenye nyumba pia: zege likishamwagwa, fundi ananyunyiza saruji tupu na kusugua kwa mwiko mpaka sakafu ing'ae. Kwa kupiga deki ni raha. Lakini ni ngozi nyembamba iliyokaa juu ya zege, na haikuwekwa pale kubeba gari. Tairi likitoka barabarani lina joto, likikaa linailainisha rangi kidogo na kuigandamiza, na gari likiondoka asubuhi linaivuta. Niru inatoka nayo. Ndiyo maana sehemu za kwanza kubanduka huwa ni zile nne ambazo matairi yanalala.

Dawa yake ni kuisaga niru yote mpaka uone mchanga wa zege. Grenda yenye diski ya almasi ya kusagia zege inafanya kazi hiyo kwa siku moja kwenye banda la kawaida. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, kwa hiyo barakoa ya kitambaa haitoshi, tafuta ile ya mafundi yenye chujio. Ukimaliza, pitisha kiganja: sakafu ikwaruze kama msasa wa wastani.

Wapo wanaopenda njia ya tindikali kwa sababu ni rahisi. Inafaa kwa zege lililo wazi na lisilo na mafuta, ila haitamaliza niru nene. Ukiitumia, iwe tindikali ya hidrokloriki, na siku zote mimina tindikali ndani ya maji, usimimine maji ndani ya tindikali. Ya betri iache. Hiyo ni ya salfa, na ikikutana na zege inaacha jasi juu yake, yaani unaweka tabaka jingine dhaifu pale pale ulipotaka kuliondoa.

Sasa kipande cha aina ya pili: ukikigeuza, chini ni kisafi, kinateleza, hakina hata chembe ya saruji. Hapo rangi haikushika kitu. Ama sakafu haikukwaruzwa, ama ina mafuta. Na kwetu mafuta si ya injini tu. Banda la gari la Kigoma ndilo stoo: madumu ya mawese, jenereta, gunia la dagaa linalosubiri mgeni wa Dar. Dumu la mawese likivuja usiku mmoja, yanazama kwenye vitundu vya zege. Ukifuta juu unaona pamekauka, duara la rangi ya chungwa linabaki, na watu wanafikiri ni doa tu.

Jaribio lake halina gharama. Dondosha maji hapo kwa kijiko. Yakinywewa na zege likabadilika rangi, uko salama. Yakisimama kama umande kwenye jani la mgomba, mafuta bado yapo.

Wanaotengeneza sabuni nyumbani wanajua mawese yakikutana na kostiki yanakuwa nini. Tumia ujuzi huo huo. Vaa glovu na miwani, kostiki kidogo kwenye maji (poda iingie kwenye maji, si kinyume), sugua kwa brashi ngumu, acha ifanye kazi, kisha suuza kwa maji mengi. Msisitizo uko kwenye kusuuza, maana sabuni iliyobaki ndani nayo inazuia rangi kushika. Rudia mara mbili au tatu, ukijaribu maji kila mara. Pakigoma kabisa, chimbua kile kipande cha zege uzibe upya.

Aina ya tatu ndiyo inayotuumiza roho, kwa sababu mteja hana kosa na sisi hatuna dawa ya haraka ya kumuuzia. Rangi inatoa malengelenge, ukiyatoboa yanatoka maji. Mji wetu ni wa miinuko. Viwanja vingi vimechongwa ubavuni mwa kilima, na maji ya mvua yanashuka chini kwa chini kutoka kwa jirani wa juu. Kama jamvi, yaani zege la sakafu, lilimwagwa bila nailoni chini yake, unyevu unapanda, na epoksi haipitishi maji. Unaisukuma kutoka chini mpaka inaachia.

Pima hivi: kata nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwa tepu pande zote, uiache angalau saa 16. Ukiifunua ukakuta matone au zege limekuwa jeusi, usinunue rangi. Na pima wakati wa mvua, Desemba hivi au Machi. Sakafu inayopimwa Julai itakwambia ni kavu, nayo haidanganyi, ila ni kavu ya Julai. Ikiwa na unyevu, fedha ya rangi ichimbie mtaro upande wa juu wa nyumba kwanza. Zege jipya nalo lisubiri siku 28.

Kupaka kwenyewe ni kazi fupi ukishavuka hayo. Banda la mita 3 kwa 6 ni mita za mraba 18. Epoksi isiyo na thina wala maji, lita 1 inafunika mita za mraba 10 kwa unene wa maikroni 100. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ya unene huo ni lita 3.6, ongeza kidogo kwa ajili ya zege linalonywa. Kama kopo linasema yabisi (kile kinachobaki sakafuni rangi ikikauka) ni asilimia 50, zidisha mara mbili.

Uwiano wa rangi na hadina, yaani kigumishi chake, ufuate kopo, upime kwa chombo. Waliozoea bodifila ya magari wanajua ukiongeza hadina inakauka upesi. Kwenye epoksi haiko hivyo. Hadina ikizidi, sakafu inabaki na utelezi wa kunata hata mwezi uishe.

Anza saa 10 alasiri, jua likishapoa. Asubuhi zege linapata joto, hewa iliyo ndani yake inatanuka na kutoka, na kila tundu linaacha kipovu kwenye rangi yako. Jioni linapoa na hewa inarudi ndani, inavuta rangi nayo.

Ukishachanganya, mwaga sakafuni mistari mistari, kisha tandaza kwa rola. Usiiache kwenye ndoo. Nilipopaka banda langu mwenyewe nilichanganya kopo lote, nikaenda kupokea simu. Niliporudi ndoo ilikuwa inafuka moshi na plastiki yake imelegea upande mmoja. Epoksi inajitengenezea joto, na ikiwa nyingi mahali pamoja joto halina pa kutokea. Dakika 40 za kutumia mchanganyiko zilizoandikwa kwenye kopo huwa ni za joto la nyuzi 25 au chini ya hapo, chini ya bati la Kigoma hazifiki. Ikikugusa ngozi, osha kwa sabuni na maji, usitumie thina.

Kutembea, kesho yake. Gari, baada ya siku 7. Hapa ndipo wengi wanashindwa, kwa sababu siku ya tatu sakafu inaonekana ngumu na mvua inanyesha kwenye gari.

Duka linafunguliwa saa 2 asubuhi. Ukija na kipande kilichobanduka, kifunge kwenye gazeti, upande wa chini usisuguliwe na kitu.