Tupime mlio wa magitaa ya kaboni

Mhariri,

Kwaya zetu za hapa Moshi zinaposhauriana kununua magitaa yaliyoundwa kwa nyuzinyuzi za kaboni, naomba mlio upimwe sawasawa na uimara. Ni kweli kwamba kaboni hainyonyi unyevu, hivyo gitaa halivimbi wakati wa masika wala halipasuki kiangazi, na bei yake tuiache kwanza. Lakini sauti yake, ingawa ni safi na yenye nguvu, kwangu haina utamu wa ubao wa sprusi (mti wa jamii ya misonobari), ambao wapigaji wengi husema hukomaa kadiri miaka inavyopita. Na hata kwenye gitaa la kaboni, nyuzi za chuma zitashika kutu vilevile. Tena ubao ukipasuka, fundi mwenye gundi nzuri na subira huuziba. Kaboni ikivunjika, tutampelekea nani? Kwa safari za mvua gitaa la kaboni linafaa. Kwa kurekodi, nachagua mbao.

Mpiga gitaa, Moshi