Mhariri, kumbukeni na siku ambazo watu waliacha kufa

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu ile safu yenu ndogo ya matukio ya karne ya 20 yaliyotokea tarehe kama ya leo. Mi naisoma kabla hata ya kurasa za michezo, kwa hiyo msije mkasema huyu ana nongwa na gazeti. Ila jamani mmezidi, yaani mtu akiwasoma nyie mwaka mzima atadhani karne nzima ile watu hawakuwa na shughuli nyingine zaidi ya kupigana risasi na kuzama. 26 Aprili ni kinu cha nyuklia cha Chernobyl, 28 Juni ni mauaji ya Sarajevo 1914 yaliyowasha Vita ya Kwanza ya Dunia, 6 Agosti bomu la Hiroshima, 22 Novemba kuuawa kwa Rais Kennedy, mwaka ukiisha mnaanza upya na maelezo ni yaleyale ya mwaka uliopita, kilichobadilika ni hesabu ya miaka tu.

Sisemi myatoe, hapana, Hiroshima ikisahaulika tutakuwa tumeumbuka wote. Ninachosema ni kwamba karne hiyohiyo ilikuwa na siku ambazo kitu kilichokuwa kinaua watu kiliacha kuwaua, na hizo kwenye safu yenu hazionekani kabisa.

Chukueni 8 Mei. Kila mwaka mnatuwekea kumalizika kwa vita Ulaya mwaka 1945, sawa, hakuna anayebisha (ingawa mngetuambia siku moja kwa nini Warusi wanaadhimisha tarehe 9, maana hati ya Wajerumani kusalimu amri ilisainiwa Berlin usiku na kwa saa za Moscow siku ilishabadilika, ni sentensi moja tu hiyo). Sasa tarehe hiyohiyo 8 Mei, mwaka 1980, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani pale Geneva ulitangaza kwamba ugonjwa wa ndui umekwisha. Haikusemwa imepungua wala imedhibitiwa, ilisemwa imekwisha, duniani kote. Makadirio yanayotumika sana yanasema ndui iliua watu kama milioni 300 kwenye karne ya 20 peke yake, jumlisha vita vyote viwili vya dunia bado hawafiki. Halafu siku ilipotangazwa imekwisha, kwenye safu yenu hamna hata mstari.

Na stori yenyewe wala haiboi, ndo kinachoniuma. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilipoanza ile kampeni kubwa, inakadiriwa watu kati ya milioni 10 na 15 walikuwa wanaugua kila mwaka na milioni 2 hivi wanakufa, nchi 31 ugonjwa uko ndani kabisa. Aina ile kali ilikuwa inaua karibu watu 3 kwenye kila 10 walioipata, waliopona wengi wamebaki na makovu usoni, wengine macho yamekwenda. Dawa ya kuitibu haikuwepo. Kilichokuwepo ni chanjo tu, ya zamani sana hiyo, tangu siku za daktari Mwingereza Edward Jenner mwaka 1796, kwa hiyo shida haikuwa kwamba watu hawajui cha kufanya, shida ilikuwa namna ya kumfikia kila mtu huko aliko bila chanjo kuharibika kwa joto njiani.

Hapo ndo pana uhondo mhariri. Chanjo ikaanza kukaushwa iwe unga ili ivumilie joto bila friji. Sindano ikawa ile ndogo yenye ncha mbili kama uma, inachota tone moja katikati ya ncha, unamchoma mtu begani harakaharaka mara 15 basi kazi imekwisha, chanjo inayotumika ni kidogo mno kuliko zamani na hata mtu asiyekuwa na elimu ya uuguzi anafundishwa kwa muda mfupi anaiweza. Halafu likaja wazo lenyewe lililomaliza kazi, na lilitokana na uhaba: Nigeria mashariki mwishoni mwa 1966, daktari William Foege na wenzake chanjo haiwatoshi kuchanja kila mtu, wakaamua kutafuta wagonjwa walipo na kuwachanja waliowazunguka tu, ndugu, majirani, vijiji vya karibu. Ugonjwa ukakosa pa kwenda. Kumbe hakukuwa na haja ya kuchanja watu wote, ilitakiwa kumkuta mgonjwa mapema kabla hajawapa wengine, na ndo maana kampeni ikaishia kuwa kazi ya kutembea na kuuliza, wafanyakazi wanapita nyumba kwa nyumba na picha ya mtoto mwenye ndui mkononi, mmemwona mtu wa namna hii? na kuna sehemu ilitolewa zawadi ya pesa kwa atakayetoa taarifa.

Tena oneni wakati wenyewe. Wazo la kuitokomeza lilipelekwa mwaka 1958 na Viktor Zhdanov wa Umoja wa Kisovyeti, aliyeiongoza kampeni kuanzia 1967 ni Mmarekani, D. A. Henderson, na Wasovyeti wakatoa chanjo kwa wingi sana. Nchi mbili hizo miaka hiyohiyo zimeelekezeana makombora ya nyuklia. Kila Oktoba mnatuandikia walivyotaka kuuana kwa sababu ya makombora ya Cuba mwaka 1962. Walivyofanya kazi pamoja wakaifuta ndui, kimya.

Najua mtanijibu nini, mtasema hakuna picha na hakuna siku moja. Kwenye hili la siku nawaelewa kidogo. Meli ina saa yake kabisa, Titanic iligonga barafu saa 5:40 usiku ikazama saa 8:20, mwandishi anapata pa kushika. Ugonjwa unaisha polepole, kijiji hiki hadi kile, na siku unapoisha hakuna anayejua kwamba umeisha. Lakini ndui tarehe inazo, tena tatu. 26 Oktoba 1977 ndo upele ulimtokea mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida. 9 Desemba 1979 wataalamu waliokuwa wanakagua walisaini kwamba ni kweli imekwisha. Halafu ndo hiyo 8 Mei 1980 ya tangazo.

Kati ya hizo mimi ningechukua ya kwanza kwa sababu ina mtu ndani. Anaitwa Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca nchini Somalia. Anafanya kazi hospitali na hana chanjo! Alikuja kueleza miaka mingi baadaye kwamba aliikwepa kwa kuogopa maumivu. Siku moja gari lilikuwa limebeba watoto wawili wenye ndui linawapeleka kutengwa, dereva hajui njia, Maalin akapanda kumwelekeza, safari ya dakika chache tu. Imetosha. Alipoanza kuumwa wakadhani malaria, upele ulipotoka wakadhani tetekuwanga, hadi baadaye ndo ikajulikana, na hapo ikawa kashkash, wakatafutwa watu 161 aliokutana nao, na ndani ya wiki mbili zaidi ya watu 50,000 wa eneo lile wakachanjwa. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na yeye. Mwenyewe akapona. Na hapa ndo pa kuandika kwa herufi kubwa, miaka ya baadaye huyuhuyu aliyekimbia sindano akawa anapita kwa wazazi wa Somalia kuwashawishi wachanje watoto polio, anawasimulia yaliyomkuta, akafa kwa malaria mwaka 2013 akiwa kwenye kazi hiyohiyo. Sasa niambieni hiyo ni stori ya kukosa nafasi?

Na kwa sababu nyie mnapenda majanga, hata hapo lipo. 1978, mwaka mmoja baada ya Maalin, mpiga picha wa chuo cha udaktari kule Birmingham, Uingereza, Janet Parker, alipata ndui wakati jengo alilofanyia kazi lilikuwa na maabara iliyotunza virusi vyake, akafariki 11 Septemba. Ndo kifo cha mwisho cha ndui duniani. Baada ya hapo maabara nyingi zikateketeza virusi zilivyokuwa navyo au zikavikabidhi, na leo vimebaki rasmi sehemu mbili, Atlanta Marekani na Koltsovo kule Siberia, na ubishi wa kuviteketeza au kuviacha haujaisha.

Zipo na nyingine, nitazitaja haraka maana nafasi yenu naijua. 23 Januari 1922 pale Toronto, Leonard Thompson, mtoto wa miaka 14 aliyekuwa amekonda kwa kisukari hadi anakaribia kufa, alichomwa insulini ikafanya kazi. Sindano ya kwanza ilikuwa tarehe 11 na haikumsaidia, dawa ilikuwa bado na uchafu, mkemia James Collip akakaa akaisafisha ndani ya siku 12, na mtoto akaishi miaka mingine 13. Nimeona wanaoikumbuka wanaweka tarehe 11, mi nadhani 23 ndo haki yake. Halafu 26 Septemba 1983, afisa wa jeshi la Kisovyeti Stanislav Petrov yuko zamu, mitambo inamwambia Marekani imerusha makombora, mwisho yakafika matano, yeye akaripoti kwamba mitambo imekosea kwa sababu nani anaanzisha vita ya nyuklia kwa makombora matano? Ilikuwa mwanga wa jua juu ya mawingu. Hakuna aliyekufa, labda ndo maana hamjaiweka.

Na hiyo Titanic mnayoipenda, iandikeni basi hadi mwisho. Watu zaidi ya 2,200 ndani, boti za kuokolea za watu 1,178, na sheria haikuvunjwa, maana kanuni za Uingereza zilihesabu boti kwa ukubwa wa meli zikaishia meli za tani 10,000 na kuendelea, wakati ile ilikuwa na tani 46,000. Watu 1,500 hivi wakafa. Tarehe 20 Januari 1914 mataifa yakasaini London mkataba wa usalama wa watu baharini, boti za kutosha kila mtu na redio isikilizwe saa zote, kwa sababu usiku ule kulikuwa na meli jirani ambayo fundi wake wa redio alishalala. Vita ikauchelewesha lakini mkataba wa jina hilo upo hadi leo, umefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na kila meli ya abiria ya safari za kimataifa inatakiwa kuufuata. Nyie mnaishia kwenye bendi iliyokuwa inapiga muziki meli ikizama.

Kwa hiyo ombi langu ni hilo. 8 Mei najua hamtaiachia, vita ina picha za watu wanakumbatiana barabarani na kwa kweli ni picha nzuri. Basi ndui iwekeni 26 Oktoba, na muwe mmemtaja Maalin kwa jina na kazi yake ya upishi, msiandike tu kwamba Shirika la Afya Duniani lilifanikiwa.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.